UZI: Mark Rutte wa Uholanzi, yule waziri mkuu wa baiskeli. Picha mnazotumiana ni za kweli ila kuna upande hamjaletewa

Wakuu habari za saa hizi.

Kuna ile video haiishagi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mzungu mrefu mwenye miwani kavaa suti, kamwaga kahawa pale kwenye mageti ya kuingilia wizarani, anachukua mopu mwenyewe anaanza kupiga deki, anafuta mpaka geti kwa kitambaa huku wafanya usafi wanamshangilia. Au ile picha yuko kwenye baiskeli anang'ata epo kama mwanafunzi aliyechelewa kipindi. Chini lazima mtu aandike "viongozi wetu wajifunze hapa", na wengine wanamwaga viganja vya amina.

Sitaki kuwaharibia starehe, video ni ya kweli, ni ya Juni 2018. Jamaa anaitwa Mark Rutte, waziri mkuu wa Uholanzi kuanzia Oktoba 14, 2010 mpaka Julai 2, 2024, na sasa hivi ndio katibu mkuu wa NATO. Baiskeli ni ya kweli, gari yake kuukuu aina ya Saab ni ya kweli, na hata kufundisha maarifa ya jamii kila wiki kwenye shule ya sekondari moja pale The Hague huku akiwa waziri mkuu nako ni kweli kabisa. Hakuna maigizo hapo.

Ila mimi huyu mtu nimemfuatilia muda mrefu na naona picha zinatupoteza. Tunamsifia kwa unyenyekevu wakati kilichomweka kileleni karibu miaka 14 ni kitu kingine kabisa, ni hesabu, simu, na kichwa kinachosahau vizuri sana pale kinapohitaji kusahau. Kaeni mkao wa kula. Wavivu wa kusoma rudini kwenye picha zenu, hakuna ugomvi.

TUANZIE NYUMBANI KWAO

Kazaliwa The Hague Februari 14, 1967, mtoto wa mwisho kati ya saba. Sisi huku The Hague tunaijua kwa ile mahakama iliyowasumbua wakubwa wa Kenya, ila kwa Waholanzi huo ndio mji wa serikali, bunge lipo hapo japo makao makuu kikatiba ni Amsterdam.

Historia ya wazazi wake ni nzito kuliko sura yake inavyoonyesha maana jamaa anacheka muda wote. Baba yake alikuwa mfanyabiashara kule Indonesia enzi za ukoloni wa Kiholanzi. Vita ya pili ikaja, Wajapani wakateka visiwa, Waholanzi wakatiwa kambini. Mke wa kwanza wa mzee alifia kambini kule Batavia, ndio Jakarta ya leo, mwaka 1945. Baada ya vita mzee akamuoa mdogo wake marehemu, na huyo ndiye mama aliyemzaa Mark. Yaani familia ilianza upya Uholanzi ikiwa imeacha mali na kaburi upande wa pili wa dunia.

Alipenda piano, ndoto yake ilikuwa awe mpiga piano wa kumbi kubwa, baadae akaona hapana akaenda kusoma historia chuo kikuu cha Leiden. Huko akaingia kwenye umoja wa vijana wa kiliberali, akawa mwenyekiti wao 1988 mpaka 1991. Alipohitimu 1992 akaajiriwa Unilever, na hapa naomba mzingatie: hakuwa mtu wa fedha wala masoko, alikuwa mtu wa rasilimali watu. Miaka kumi kazi yake ni kukaa na wafanyakazi, kusikiliza malalamiko, kutuliza viwanda, kuajiri na kupunguza watu bila kelele. Ukiielewa hiyo kazi umeshamwelewa waziri mkuu wake.

Hana mke hana watoto, anaishi peke yake na hajawahi kuomba radhi kwa hilo. Mama yake alikuwa nguzo yake. Mei 2020 mama akafariki akiwa na miaka 96 kwenye nyumba ya wazee, kipindi ambacho serikali ya mwanae huyo huyo ilikuwa imezuia watu kutembelea wazee kwa ajili ya korona. Na mwana alikaa wiki nane bila kuingia kumwona mama yake, sheria ni sheria, mpaka usiku wa mwisho ndio akaruhusiwa kuwa naye. Siku zile zile Uingereza walikuwa wanapigana na mshauri wa waziri mkuu wao aliyevunja karantini. Hapa namvulia kofia bila kubana.

KUINGIA SIASA

2002 anachukuliwa kuwa naibu waziri wa kazi na ustawi wa jamii, baadae elimu ya juu. Chama chake ni VVD, waliberali wa mrengo wa kulia, chama cha wafanyabiashara na watu wa kodi ndogo.

Huku kwenye unaibu waziri kuna kitu hakipo kwenye yale magrupu yenu. 2003 aliziandikia halmashauri za miji kwamba wakati wa kukagua watu wanaolipwa pesa za ustawi wawaangalie kwa jicho la pekee wakazi wenye asili ya Somalia, kwa sababu baadhi yao walibainika kudanganya. Mtu mmoja akaenda mahakamani, na 2007 jaji akasema maelekezo yale yalikuwa yanachochea ubaguzi wa rangi. Unajua jamaa alijibuje? Alisema basi sheria ndio ibadilishwe. Wekeni hiyo mfukoni, tutaihitaji mbele.

2006 chama kikatafuta kiongozi mpya. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Rita Verdonk, waziri wa uhamiaji, mama mkali sana kwa wageni na kipenzi cha mtaa. Rutte akapita kwa asilimia 51 na kidogo. Uchaguzi wa Novemba mwaka huo chama kikashuka mpaka viti 22, halafu fedheha juu yake: Uholanzi unampigia kura mtu kwa jina ndani ya orodha ya chama, na Verdonk aliyekuwa namba mbili akapata kura zaidi ya 620,000 wakati Rutte namba moja kapata kama 553,000. Fikiria wewe ni mwenyekiti na makamu wako kakushinda kura mbele ya nchi nzima. Wachambuzi wakamwandikia tanzia. Jamaa akanyamaza, akasubiri Verdonk akosee mdomo, 2007 akamtoa kwenye kundi la wabunge. Mama akaanzisha chama chake, kikafa.

>> Mdau kauliza: "Mkuu wewe unampenda au unamchukia huyu mtu? Maana sikuelewi."

Namheshimu kama fundi. Kumpenda ni kitu kingine. Tuendelee.

HESABU YA 76

Bila kuelewa hili utaona miujiza. Bunge lao la chini lina viti 150, ili utawale unahitaji 76. Hakuna majimbo kama yetu, nchi nzima ni kapu moja, chama kikipata asilimia kama 0.67 ya kura kimeshapata kiti. Matokeo yake vyama ni vingi kama uyoga, 2017 waliingia bungeni vyama 13, na katika historia yao ya kisasa hakuna chama kilichowahi kufika 76 peke yake. Kwahiyo kila uchaguzi ukiisha wanakaa mezani kwa miezi kutengeneza serikali ya mseto. Waziri mkuu hana ubavu wa kufukuza na kuteua hovyo, yeye ni wa kwanza kati ya walio sawa, akimkanyaga mshirika serikali imeanguka.

Sasa tazama alivyocheza.

2010: VVD viti 31, chama cha wafanyakazi PvdA 30. Kwa kiti kimoja tu akawa waziri mkuu wa kwanza mliberali tangu 1918. Akachukua wakristo wa CDA wenye 21, jumla 52, haitoshi. Akaenda kwa Geert Wilders, yule wa nywele nyeupe anayetukana Uislamu, mwenye viti 24, wakakubaliana Wilders abaki nje ya baraza la mawaziri ila awape kura. 52 na 24 ni ngapi? 76 kamili, hakuna hata cha akiba. Mwaka uliofuata bungeni wakawa wanarushiana "kuwa na akili za kawaida bwana" kwa sauti, Wilders na Rutte, kama watu wa kijiweni, video mpaka leo ipo. April 2012 Wilders akatoka kwenye mazungumzo ya kubana bajeti, serikali chali.

2012: uchaguzi tena. Kampeni nzima anawaambia watu ukimpigia PvdA kura umeingiza usoshalisti, PvdA nao wanasema mkimchagua Rutte mmekwisha. Watu wakagawanyika kwa woga, VVD 41, PvdA 38. Kesho yake wakaoana. Miaka minne na nusu wanabana matumizi pamoja. 2017 wapiga kura wa PvdA wakakiadhibu chama chao, kutoka 38 mpaka tisa. TISA. Rutte yeye akabaki na 33 na nafasi ya kwanza.

2017: mazungumzo siku 225, akatoka na vyama vinne, na kura ni zile zile 76.

2021: ushindi mwingine viti 34, na mazungumzo yakachukua siku 299 toka uchaguzi mpaka kuapishwa Januari 2022. Vyama vile vile vinne, waziri mkuu yule yule.

Hebu fuatilieni walioshirikiana naye wameishia wapi. CDA walianza naye na 21, uchaguzi wa Novemba 2023 wakapata vitano. D66, waliberali wengine aliokuwa nao serikalini, kutoka 24 wakashuka mpaka tisa. PvdA nimeshasema. Kila aliyepanda mtumbwi wake alizama, nahodha akafika ng'ambo suruali kavu. Wenyewe Waholanzi walimwita Teflon, ile sufuria isiyogandiwa na ugali.

Na siri ni kwamba hakuwa na mzigo. 2013 alitoa mhadhara akasema wazi, maono ni kama tembo anayekuziba usione mbele. Mwanasiasa gani anasema hivyo hadharani? Ila kwake ilikuwa mtaji. Mtu asiye na maono yake anaweza kukaa na Wilders Jumatatu na wasoshalisti Ijumaa. Alikuwa anapiga simu kwa kila mtu, wapinzani, vyama vya wafanyakazi, wakubwa wa Ulaya, anakumbuka mkeo anaitwa nani. Meneja rasilimali watu bado yupo kazini mkuu.

Ahadi nazo zilikuwa hazimuumizi kichwa. 2012 aliahidi kila Mholanzi anayefanya kazi atapata euro 1,000 na kwamba Ugiriki haitapewa hata senti nyingine. 2015 Ugiriki ikapewa fungu la tatu. Akaomba radhi kwa wapiga kura, wakamcheka, maisha yakaendelea.

>> Mdau wa Nairobi: "Lakini boss hata hivyo nchi ilikuwa inaendelea poa. Hata wakibishana miezi tisa bila serikali maji yanatoka, stima iko. Kwetu wiki moja tu bila baraza ni vita. Si hiyo ni sifa?"

Ni sifa ya taasisi zao mkuu, sio yake. Na hizo taasisi ndizo zinazokuja kufanya balaa kwenye sehemu inayofuata.

Kwa haki lakini kuna nyakati alibeba nchi vizuri. Julai 17, 2014 ndege ya Malaysia MH17 ikatunguliwa juu ya Ukraine, watu 298 wakafa, 196 Waholanzi. Yale majeneza yaliyoshuka Eindhoven na msafara wa magari barabarani watu wamejipanga kimya kilomita na kilomita, jamaa alisimama kama kiongozi. Machi 2017 pia, siku nne kabla ya uchaguzi, waziri wa Uturuki aliingia Rotterdam kufanya kampeni za Erdoğan kwa nguvu, polisi wakamsindikiza mpakani. Wengine wanasema pale ndipo alipomnyang'anya Wilders kura. Mimi nakubaliana nao.

RUZUKU ILIYOUA FAMILIA

Sasa hapa ndio sababu ya uzi. Bahati nzuri kuna dada yetu anaishi Rotterdam kaleta maelezo ya mfumo, namnukuu maana kaeleza vizuri kuliko mimi:

>> "Kaka huku kulea mtoto kwenye kituo cha mchana ni ghali mno, kwahiyo serikali inakupa ruzuku. Ila hawalipi kituo, wanakuingizia wewe mzazi kwanza, kwa kukadiria kipato chako cha mwaka, halafu baadae ndio wanahesabu. Kwahiyo mzazi unashika pesa ambayo sio yako mpaka hesabu ifungwe. Ukikosea fomu, sahihi moja haipo, ule mchango wako mdogo hukulipa wote, wanadai irudi YOTE, sio ile tofauti. Yote, na ya mwaka mzima, pengine miaka kadhaa. Mtu anadaiwa makumi ya maelfu ya euro."

Asante dada. Sasa ongezea hii. 2013 ikagundulika kuna genge la Wabulgaria walikuwa wanajiandikisha Uholanzi wanavuna ruzuku na kupotea. Bunge likachachamaa, magazeti yakachachamaa, amri ikatoka: kamateni matapeli. Mamlaka ya kodi ikaunda kikosi cha kuwinda. 2014 kikosi kikavamia wakala mmoja wa malezi Eindhoven, wazazi kama 300 wakakatiwa ruzuku kwa mpigo, wengi wao watu wenye asili ya nje. Baadae ikaja kubainika kwamba uraia pacha ulikuwa mojawapo ya vigezo vya mashine kuamua nani akaguliwe. Mnakumbuka ile barua ya Wasomali ya 2003? Toeni mfukoni sasa.

Ukiwekewa alama ya tapeli huwezi hata kupata mpango wa kulipa kidogo kidogo. Watu wamepoteza nyumba, ndoa zimevunjika, wengine wamechukuliwa watoto na mamlaka za ustawi, zaidi ya watoto elfu moja walitolewa kwenye familia zilizoguswa. Familia zilizoumia ni zaidi ya 20,000. Na walikuwa hawajaiba chochote. Mama alisahau kusaini karatasi.

Waliochimba hili ni wabunge wawili, Renske Leijten wa chama cha kisoshalisti na Pieter Omtzigt wa CDA. Na huyu Omtzigt alikuwa wa chama kilichomo serikalini, kwahiyo alikuwa anaisumbua serikali ya chama chake mwenyewe. Wanaomba nyaraka, wanapewa kurasa zimepakwa wino mweusi mwanzo mwisho. Wakati huo serikali ya Rutte ilikuwa na mwiko wake, mawasiliano ya ndani kati ya mawaziri na maofisa hayapelekwi bungeni, mpaka ukapewa jina lake, mwiko wa Rutte.

Desemba 2020 kamati ya bunge ikatoa ripoti, kichwa chake tu kinatosha: dhuluma isiyo na mfano. Januari 15, 2021 baraza lote likajiuzulu. Na jamaa akaenda kwa mfalme kupeleka taarifa... kwa baiskeli. Ile ile mnayoisambaza. Picha ipo, siku serikali yake imeanguka kwa kuponda maelfu ya familia, ndio hiyo baiskeli na tabasamu. Wahanga wakaahidiwa euro 30,000 kila mmoja kama fidia ya kuanzia, na kulipa kwenyewe kumekwenda kwa mwendo wa konokono.

Miezi miwili baadae uchaguzi. Akashinda.

>> Mdau: "Duh. Sasa wapiga kura wao nao akili zao zikoje?"

Korona mkuu. Nchi ilikuwa kwenye karantini, watu walitaka sura wanayoijua kwenye tivii. Na waliopondwa na ruzuku hawakuwa wapiga kura wa VVD.

KUMBUKUMBU

Machi 25, 2021, wiki moja baada ya uchaguzi. Mmoja wa wapatanishi wa kuunda serikali, Kajsa Ollongren, kapata taarifa ana korona, anatoka mbio na makaratasi mkononi. Mpiga picha anabonyeza. Wakakuza picha, kwenye karatasi kuna mstari: nafasi ya Omtzigt, kazi mahali pengine.

Yaani yule mbunge msumbufu aliyefichua dhuluma wanamtafutia pa kumpeleka. Rutte akaulizwa, wewe ulimzungumzia Omtzigt? Akasema hapana kabisa. Wiki ikapita, kumbukumbu za mazungumzo zikatolewa, na ndani yake ni yeye mwenyewe kamtaja. Aprili 1 wakamweka kikaangoni bungeni mpaka usiku wa manane. Utetezi wake: sikudanganya, sikukumbuka vizuri. Sio mara ya kwanza, tangu enzi za nyaraka za kufuta kodi ya gawio, ile wanayokatwa wenye hisa, alishakuwa hakumbuki.

Kura ya kutokuwa na imani ikashindikana kwa kidogo. Ila ikapita hoja ya kumkaripia, vyama vyote vikapiga kura ya ndio isipokuwa chake. Sigrid Kaag wa D66 akasimama akamwambia hapa njia zetu zinaachana. Miezi tisa baadae Kaag huyo huyo ni waziri wa fedha na naibu waziri mkuu chini ya... Rutte. Mimi nilicheka peke yangu.

Halafu simu. Mei 2022 gazeti la de Volkskrant likafichua kwamba kwa miaka waziri mkuu alikuwa anafuta SMS zake kila siku, na anachagua mwenyewe ipi imfikie mtunza kumbukumbu wa serikali. Sababu? Anatumia Nokia ya zamani, inajaa, inakuwa nzito. Jamani. Mtu anaongoza nchi iliyo katika uchumi 20 mikubwa duniani, mikataba ya korona inajadiliwa kwa SMS, na kumbukumbu ya taifa inategemea kisimu kilichojaa. Watu wetu wangeiona ile Nokia wangeandika "unyenyekevu", mimi niliiona nikakumbuka kurasa zilizopakwa wino. Bungeni wakamsulubu tena, akatoka mzima tena. Akapewa simu ya kisasa.

Agosti 2, 2022 akavunja rekodi ya Ruud Lubbers, akawa waziri mkuu aliyekaa muda mrefu kuliko wote Uholanzi.

>> Dada wa Rotterdam: "Kaka usisahau Groningen. Na usisahau aliomba radhi za utumwa, hilo kwetu weusi huku lilikuwa kubwa, mpe haki yake."

Groningen ni uzi mwingine, kwa kifupi ni mkoa wa kaskazini wenye gesi nyingi sana, wameichimba tangu miaka ya 60 mpaka ardhi ikaanza kutetemeka. Agosti 2012 tetemeko la 3.6 likapasua nyumba, na mwaka uliofuata, badala ya kupunguza, uchimbaji ukapanda. Uchunguzi wa bunge Februari 2023 ukasema maslahi ya wananchi wa pale yalipuuzwa. Akaomba radhi.

Na za utumwa nampa, ila na tarehe zake. Julai 2020, baada ya maandamano ya George Floyd, alikataa, akasema radhi zitagawa jamii. Desemba 19, 2022 akasimama kwenye jengo la nyaraka za taifa The Hague akaomba radhi rasmi kwa niaba ya dola kwa utumwa wa Suriname, visiwa vya Karibi na kwingineko, wakatenga mfuko wa euro milioni 200. Suriname wengi walikasirika kwamba hawakushirikishwa, tarehe imepangwa The Hague bila wao, walitaka Julai 1, siku ya kuvunja minyororo. Hata kwenye Zwarte Piet, yule msaidizi, anayepakwa masizi usoni, wa Sinterklaas, mzee wa zawadi wa sikukuu yao ya Desemba, alianza kwa kusema Piet ni mweusi basi, 2020 akasema amebadilika baada ya kuongea na watu. Ndiye huyo. Anabadilika upepo ukishabadilika, lakini kweli anabadilika, wengine hata hilo hawana.

MWISHO WA UTAWALA NA KAZI MPYA

Julai 7, 2023 serikali ya nne ikaanguka. Alitaka kubana wakimbizi wa vita wasilete familia zao haraka, washirika wake serikalini, chama cha wakristo cha ChristenUnie, wakasema mtoto kumwona mzazi wake sio kitu cha kuwekea foleni, wakakataa. Wengi wanaamini aliiangusha makusudi ili chama chake kiingie uchaguzini na ajenda ya wahamiaji. Kama ndivyo, hapo fundi alijikata kidole. Siku tatu baadae akatangaza anaacha siasa, na Novemba aliyevuna ni Wilders, viti 37, VVD wakashuka mpaka 24. Omtzigt naye aliibuka na chama kipya, viti 20 mara ya kwanza tu, halafu April 2025 akaacha siasa, kachoka. Mfichuaji yuko nyumbani. Mfichuliwa yuko Brussels, anaiongoza NATO tangu Oktoba 1, 2024.

Na kule anatumia zana zile zile. Juni 2025 mkutano mkuu ulikuwa nyumbani kwake The Hague, kazi ni moja tu, Trump aondoke kafurahi na asivunje umoja. Nchi wanachama zikakubali kufika asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi, 3.5 za jeshi lenyewe na 1.5 za mambo yanayoendana. Mbele ya kamera akamfananisha Trump na baba anayelazimika kuongea kwa ukali, Ulaya nzima ikaona aibu kwa niaba yake. Yeye hakuona chochote, meneja rasilimali watu akishamtuliza mfanyakazi mkorofi aibu ni gharama ya kawaida.

>> Mdau: "Hahaha mkuu, na za Trump nazo anafuta?"

Hakuwahi hata kupata nafasi. Alimtumia Trump ujumbe binafsi wa kumsifia kabla ya mkutano, kwamba Ulaya italipa pesa nyingi kama inavyopaswa. Trump akaupiga picha akaubandika kwenye mtandao wake dunia nzima isome. Waandishi wakamuuliza Rutte umejisikiaje, akasema hana tatizo nao kabisa.

>> Dada wa Rotterdam: "Mimi bado nakataa kitu kimoja kaka. Unasema ni fundi tu hana maono. Miaka 14 kodi za kampuni kubwa zimelindwa, nyumba za kupanga za bei nafuu zimeisha, foleni ya nyumba kwenye miji mingine inaenda zaidi ya miaka kumi. Hayo ni maono, sema hakuyaandika popote."

Dada hapo umenipiga. Wenye takwimu za nyumba leteni, mimi naenda kula kwanza.